Mwendo wa Mzee Uwe Kipimo cha Barabara

Barabara inayopita mbele ya nyumba ninamoishi, katika mtaa mmoja wa Wilaya ya Kinondoni jijini Dar es Salaam, ilikuwa ya vumbi na mashimo kwa miaka mingi. Wakati wa kiangazi tulikula vumbi, na wakati wa masika tulikanyaga matope. Ilipotiwa lami tulifurahi, na tulikuwa na kila sababu ya kufurahi. Gari la wagonjwa liliweza kufika mlangoni. Nauli ya bajaji ikashuka. Akina mama wanaokaanga samaki na kuchoma mihogo kando ya njia hawakulazimika tena kufunika biashara zao kila gari lilipopita. Jambo moja tu halikutajwa siku ya uzinduzi, wala katika mikutano iliyotangulia: mashimo yale yaliyotukera ndiyo yaliyokuwa yakiwalazimisha madereva waende taratibu. Lami ilipoyafukia, haikuacha kitu kingine cha kufanya kazi hiyo.

Haukupita mwaka kabla madereva waliochoshwa na foleni ya barabara kuu hawajagundua kwamba mtaani kwetu pana njia ya mkato. Asubuhi na jioni barabara yetu ikawa mchepuko wa watu wasiotujua. Bodaboda, ambazo zamani zilikuwa zikipinda huku na huku kukwepa mashimo, sasa zilipita kama mshale.

Wa kwanza kuyahisi mabadiliko hayo walikuwa wazee. Jirani yangu mmoja, muuguzi mstaafu aliyekwisha kuvuka miaka 70, alikuwa na desturi ya kutoka kila asubuhi kununua maziwa upande wa pili wa barabara, kisha kupita kwa rafiki yake mgonjwa kumjulia hali. Siku moja nilimkuta amesimama ukingoni mwa lami, amekumbatia mkoba wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi siogopi gari. Naogopa kutojua litanifikia lini." Sikupata kusikia maelezo sahihi zaidi ya tatizo la mwendo kasi katika makongamano niliyohudhuria. Wiki chache baadaye, magharibi, aligongwa na bodaboda akavunjika nyonga. Alipona kwa kiasi cha kuweza kutembea ndani ya ua kwa mkongojo, lakini safari za maziwa zikaisha, na za kwa rafiki yake pia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika mitaa yetu ya leo anayevunjika guu ni mkuu mwenyewe, na wala hakuna aliyemuuliza neno.

Usiku wa pili baada ya ajali hiyo, vijana wa mtaa walichukua majembe, wakakusanya mawe, udongo na vipande vya zege, wakajenga tuta. Kila mkazi wa miji yetu ameshaona matuta ya aina hii. Huzaliwa usiku, baada ya damu kumwagika. Kisheria vijana hawa walikuwa wamekosea, kwa kuwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kuichezea barabara ya umma bila idhini ya mamlaka. Kiufundi pia walikuwa wamekosea. Tuta lilikuwa fupi na la mwinuko mkali, na lilikatiza barabara mpaka mtaroni. Mvua ya kwanza kubwa iliponyesha, maji yalikosa njia, yakaingia katika nyumba mbili za upande wa bondeni. Wazee waliokuwa wakipelekwa kliniki kwa bajaji walilia kwa maumivu ya mgongo kila walipolivuka. Baada ya mwezi mmoja lilikuwa limeshachakazwa na magurudumu, na mwendo ukarudi ulipokuwa.

Hata hivyo sitawacheka vijana wale. Walikuwa wameelewa jambo ambalo mabango ya "Nenda Polepole" hayalielewi: dereva hupunguza mwendo pale barabara yenyewe inapomlazimisha. Walichokosa ni vipimo, idhini na mtu wa kuwasikiliza kabla ya ajali. Makala hii inahusu namna ya kuvipata vitatu hivyo, na sababu inayonifanya niamini kwamba suala hili ni la kisiasa kabla ya kuwa la kihandisi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu katika jambo hili hesabu ina huruma kuliko hotuba. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Gari linalokwenda kwa mwendo huo husafiri takriban meta 14 kwa kila sekunde. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi hutembea, kwa wastani, meta 0.9 kwa sekunde kwa wanaume na meta 0.8 kwa wanawake. Taa nyingi za kuvukia duniani zimepangwa kwa kudhani kwamba kila mtu hutembea meta 1.2 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, mzee wa kawaida hakuwamo katika akili ya aliyepanga taa.

Sasa chukua barabara ya mtaa yenye upana wa meta 7. Bibi anayetembea meta 0.8 kwa sekunde atahitaji karibu sekunde 9 kuivuka. Katika muda huo, gari la kilomita 50 kwa saa litakuwa limesafiri zaidi ya meta 120. Maana yake ni kwamba kabla hajaweka mguu kwenye lami, bibi huyu, pengine mwenye mtoto wa jicho, anapaswa kuona meta 120 za barabara tupu upande wa kulia na nyingine 120 upande wa kushoto, na kukadiria mwendo wa kila kinachokuja. Katika mitaa yetu yenye kona, vibanda na magari yaliyoegeshwa ovyo, meta 120 hazionekani hata kwa macho ya kijana.

Punguza mwendo uwe kilomita 30 kwa saa, na umbali huo unashuka hadi meta 73 hivi. Kisha ibane barabara pale pa kuvukia, upana uwe meta 5.5 badala ya 7. Bibi atavuka kwa sekunde 7, na umbali anaopaswa kuuona utakuwa chini ya meta 60. Hatujamfanya awe kijana, wala hatujamnunulia miwani. Tumeubadilisha mtaa ulingane naye.

Upande wa dereva hesabu ni ileile. Dereva aliye macho huhitaji takriban sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga breki. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde hiyo moja humpeleka meta 14 kabla breki haijaguswa. Kwa kilomita 30, akiwa na breki nzuri na lami kavu, gari lote huwa limesimama ndani ya meta 13 hivi. Yaani pale ambapo dereva wa polepole ameshasimama, dereva wa kasi bado hajaanza kufunga breki. Akigonga, nishati ya gari lake ni karibu mara 3 ya ile ya mwenzake, kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa mwendo. Mifupa ya kijana inaweza kustahimili baadhi ya migongano hiyo. Mifupa ya mzee haiwezi.

Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilizitaka nchi ziweke kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu huchangamana mara kwa mara. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulitangaza kipindi cha 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kupunguza vifo na majeruhi wa barabarani kwa nusu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria vifo hivyo kuwa milioni 1.19 kwa mwaka, zaidi ya nusu yake vikiwa vya waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Kwa wazee picha ni mbaya zaidi popote ilipochunguzwa. Jiji la New York lilipoanzisha mpango maalumu wa mitaa salama kwa wazee mwaka 2008, lilifanya hivyo baada ya kubaini kwamba watu wa miaka 65 na zaidi walikuwa asilimia 12 ya wakazi wake, lakini asilimia 39 ya waenda kwa miguu waliouawa barabarani.

Lakini takwimu za ajali zina upofu wake. Huhesabu waliogongwa, hazihesabu walioacha kutoka. Barabara inaweza kuonekana salama kabisa katika daftari la polisi kwa sababu tu wazee wameshasalimu amri na kukaa ndani. Muuguzi mstaafu niliyemtaja hatagongwa tena, kwa kuwa haendi tena. Katika daftari huo utaandikwa kuwa usalama. Katika maisha yake ni kifungo. Mzee anayeacha kwenda msikitini au kanisani, dukani, kliniki na kwenye baraza la wenzake hupoteza nguvu za miguu, kisha hupoteza habari za mtaa, na mwisho hupoteza nafasi yake katika maamuzi.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 17, inampa kila raia uhuru wa kwenda atakako. Ibara ya 11 inataja haki ya ustawi wakati wa uzee. Tunayo pia Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu takriban wazee milioni 3.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika taifa la watu milioni 61.7. Raia hawa wana uhuru wa kwenda Kigoma, lakini wengi wao hawana uhakika wa kuvuka meta 7 kununua maziwa. Tangu miaka ya mwanzo ya uhuru tumehimizwa kukimbia wakati wengine wanatembea, na himizo hilo lilikuwa na maana yake. Hata hivyo taifa linalokimbia lazima lijiulize linamkanyaga nani njiani. Kila kikomo cha mwendo ni uamuzi kuhusu muda wa nani una thamani. Dereva anayekatiza mtaani kwetu, urefu wa nusu kilomita, akienda kilomita 30 badala ya 50 huchelewa sekunde 24. Hizo ndizo sekunde tunazozigombania na nyonga ya bibi.

Turudi mtaani. Baada ya tuta la usiku kuharibika, mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliitisha mkutano. Niliona mambo mawili ambayo ningependa wanafunzi wangu wa siasa za serikali za mitaa wayatafakari. La kwanza ni kwamba mkutano uliohusu usalama wa wazee ulikuwa na wazee wachache mno, kwa sababu ofisi ya mtaa iko ng'ambo ya barabara ileile. La pili ni kwamba sauti zilizotangulia zilikuwa za wenye magari. Mmoja alisema, kwa adabu lakini bila kusita, kwamba wazee wakae ndani na watumwe wajukuu. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli alisimama kwa shida akamjibu, "Mwanangu, mkituambia tukae ndani, mnatuzika kabla ya siku zetu." Ukumbi ulinyamaza.

Aliyenishangaza zaidi alikuwa kijana wa bodaboda, msemaji wa kijiwe cha pembeni. Nilitarajia apinge. Alianza kwa kuwaamkia wazee, kisha akasema: "Mimi nikienda polepole peke yangu, abiria anashuka anapanda ya mwenzangu, na jioni nina hesabu ya kupeleka kwa mwenye pikipiki. Lakini tukienda polepole wote, mimi sipotezi kitu." Katika sentensi mbili kijana huyu alieleza kwa nini mahubiri peke yake hayafui dafu. Ustaarabu wa mtu mmoja humgharimu riziki, ilhali tuta lililojengwa vizuri humtendea kila mtu sawasawa, mwenye gari la kifahari na mwenye pikipiki ya mkopo. Pia alitukumbusha kwamba vijana hawa si maadui wa wazee. Wengi ni wajukuu wao, na baadhi ya wazee hulishwa na hesabu hiyohiyo.

Kilichofuata hakikuwa cha ajabu, na nakieleza kwa sababu kinaweza kufanyika popote. Kupitia baraza la wazee la mtaa, watu kumi na wawili walikubaliana kutembea barabara nzima siku ya Jumamosi asubuhi, wakisindikizwa na vijana wa kijiwe na wanafunzi wawili wa chuo wanaopanga mtaani. Hakuna aliyewaongoza wazee, wao waliongoza. Kila waliposimama kusita, mwanafunzi aliweka alama kwenye ramani ya mkono. Kila walipovuka, mwingine alipima muda kwa simu. Mmoja wao alitumia sekunde 11. Tuligundua mambo ambayo mwenye miguu mizima hayaoni: mfuniko wa mtaro uliovunjika unaomlazimisha mtu atembee kwenye lami, ukingo wa barabara ulio juu mno kwa goti bovu, nguzo ya umeme inayoficha bodaboda zinazokata kona, na kutokuwepo kwa mahali popote pa kukaa na kuvuta pumzi kati ya msikiti na duka la dawa. Mwishoni tulikuwa na vituo vitatu ambavyo karibu kila mzee alivitaja. Havikuwa pale ambapo vijana walijenga tuta lao usiku ule.

Ramani hiyo, muhtasari wa mkutano na sahihi za wakazi vilipelekwa kwa mtendaji wa kata, vikajadiliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha vikaenda kwa wahandisi wanaohusika na barabara za mitaa. Mhandisi aliyekuja alitufundisha mengi. Tuta jema halipaswi kumrusha mtu hadi darini. Umbo lililobuniwa na watafiti wa Uingereza katika miaka ya 1970, ambalo bado linatumika katika nchi nyingi, lina kimo cha takriban sentimita 10 lakini linatandaa meta 3.7 kwa kufuata uelekeo wa gari, hivyo anayekwenda taratibu hulipita bila maumivu na anayekimbia hupata adhabu yake. Lisiguse mtaro, ili maji yapite. Lipakwe rangi na litanguliwe na alama, kwa kuwa tuta lisiloonekana usiku ni mtego wa mwenye pikipiki. Na mahali pa kuvukia wazee, bora zaidi ni kivuko kilichoinuliwa: tuta pana lenye uso bapa lililo sawa na ukingo, ambapo gari ndilo linalopanda na mtu anatembea bila kushuka wala kukwea.

Wakazi walichanga kwa ajili ya mifuniko ya mtaro na mabenchi mawili ya zege. Vijana wa kijiwe walijitolea nguvu kazi na wakakubaliana kuhamisha maegesho yao kutoka kwenye kona. Vivuko viwili kati ya vitatu vimekwisha kujengwa kwa fedha za umma. Cha tatu bado tunakidai. Magari yanayokatiza yamepungua, kwa kuwa njia ya mkato isiyo na kasi huacha kuwa mkato. Rafiki wa yule muuguzi, ambaye sasa ana nafuu, ndiye anayevuka kwenda kumjulia hali.

Yapo mafunzo ya mbali yanayotuambia kwamba hatukubuni jambo jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, mitaa ya makazi ilianza kupangwa upya ili gari liwe mgeni na mtembeaji awe mwenyeji. Kufikia mwaka 1976 mitaa ya namna hiyo ilikuwa imetambuliwa kisheria nchini humo. Karibu zaidi na nyumbani, shirika la Amend lilipata tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross Prize for Cities, mwaka 2019 kwa kazi yake ya kutengeneza njia za miguu, vivuko na matuta kuzunguka shule za msingi katika miji ya Afrika, ikiwamo Dar es Salaam. Tathmini ya kazi hiyo ilionyesha majeruhi kupungua kwa takriban robo. Kwa hiyo hatuna kisingizio cha kusema kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Yamefanyika hapa, kwa zege letu na mafundi wetu, kwa ajili ya watoto. Yanaweza kufanyika kwa ajili ya babu zao.

Hata hivyo nina tahadhari mbili. Kwanza, neno "jamii" linapendwa sana katika maandiko ya miradi, na mara nyingi hutumika kuficha kuliko kufichua. Jamii ina wenye magari na wasio nayo, wapangaji na wenye nyumba, wanaosikika na wasiosikika. Mkutano wa hadhara usiofikika kwa mzee hauwezi kuwa sauti yake. Ndiyo maana napendekeza kwamba uamuzi wowote wa kupunguza mwendo mtaani uanze na matembezi yanayoongozwa na wanaotembea polepole zaidi, kabla ya mkutano. Pili, ushirikishwaji usigeuzwe kuwa njia ya serikali kuutua mzigo wake. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka bila fedha na bila mhandisi ni kazi ya bure kwa jina la heshima. Wakazi wanaweza kutambua, kupima, kupendekeza, kulinda na kukumbusha. Kujenga na kugharimia barabara ya umma kwa viwango ni wajibu wa mamlaka, na kodi imeshalipwa.

Zipo pia hoja za kupinga ambazo si za kupuuza. Wazima moto na madereva wa magari ya wagonjwa hulalamikia matuta mengi, na wana haki. Ndiyo maana kubana barabara na kuinua vivuko vichache vilivyochaguliwa vizuri kunashinda kutapakaza matuta kila hatua hamsini. Wapo wanaosema dawa ni trafiki na faini. Askari hawezi kusimama katika kila mtaa usiku na mchana, na faini hutozwa baada ya kosa. Tuta halilali, halipokei chochote mkononi, wala halimjui dereva kwa cheo chake.

Kwa hiyo ninamaliza kwa kuwaeleza watu watatu ambao najua husoma ukurasa huu. Wewe mwanafunzi, usisubiri tasnifu. Saa moja ya Jumamosi, simu yenye kipima muda, karatasi na wazee watano wa mtaa unaopanga vinatosha kukupa ushahidi ambao halmashauri yako haina. Wewe mwanaharakati, dai la kilomita 30 kwa saa katika mitaa ya makazi linastahili kupewa uzito uleule tunaoupa madai makubwa ya kitaifa, kwa kuwa haki ya kutembea ndiyo inayompeleka raia kwenye mkutano, kwenye kituo cha kupigia kura na kwenye ofisi ya umma. Na wewe mtumishi wa umma, unayepitisha michoro ya barabara mpya itakayotiwa lami mwaka ujao, vivuko na njia za miguu viwe ndani ya mchoro na ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza. Kuviongeza baada ya ajali ni ghali kwa shilingi, na ni ghali zaidi kwa mifupa.

Ukiwa mezani na mchoro huo, jiulize swali moja kabla ya kutia sahihi: mwanamke wa miaka 75, mwenye mkongojo na mfuko wa nyanya, atavuka hapa kwa sekunde ngapi, na gari litakuwa wapi? Kama jibu halimo kwenye mchoro, mchoro haujakamilika. Wewe nawe, Mungu akikujalia umri, utavuka barabara hiyo kwa mwendo huohuo.